Maji yalikuwepo ndani: tuliyojifunza tukiwalinda majirani wakati wa joto kali

Ukitaka kuanzisha kikundi cha kuwalinda wazee na wagonjwa wakati wa joto kali, jambo la kwanza utakaloambiwa na kila mtu ni maji. Nunueni maji, gaweni maji, bandikeni matangazo ya kunywa maji. Sisi pia tulianzia hapo. Tulikuwa na katoni za chupa zilizopangwa hadi mlangoni, na watu wa kujitolea waliokuwa tayari kuzipandisha ngazi kwa ngazi. Kiangazi kilipokwisha, tukiwa tumeshahudhuria mazishi tusiyoyatarajia, tulikaa kitako na kuwapitia mmoja mmoja wale tuliowapoteza na wale walioponea chupuchupu. Karibu wote walikuwa na maji ndani. Bomba lilikuwa hatua chache kutoka kitandani. Aliyekosekana ni mtu wa kuingia na kuona kwamba hawayanywi.

Nimekuwa miongoni mwa waendeshaji wa kikundi hicho kwa misimu kadhaa sasa. Hatukuwa wataalamu. Alikuwemo muuguzi mstaafu, kijana fundi umeme, walimu, na sisi wengine ambao mtaji wetu ulikuwa jioni zisizo na kazi. Kama mnafikiria kuanza huko mliko, huenda haya yakawapunguzia kupapasa.

Muuguzi ndiye aliyetukalisha chini na kutuonyesha yaliyotokea kwingine. Chicago, Julai 1995: wimbi moja la joto, vifo 739 zaidi ya vile ambavyo vingetarajiwa. Wengi walikuwa wazee, wengi waliishi peke yao, na wapo waliokuwa wamefunga madirisha kwa kuogopa wezi. British Columbia nchini Kanada, mwishoni mwa Juni 2021: watu 619 walikufa kwa joto, na wachunguzi wa vifo wa jimbo hilo walipofuatilia walikuta asilimia 98 walipatwa wakiwa ndani ya majengo. Zaidi ya nusu walikuwa wakiishi peke yao. Theluthi mbili walikuwa na umri wa miaka 70 au zaidi.

Mimi nilikuwa nikidhani joto humwua aliye juani, mkulima na mjenzi. Kweli huwaua hao pia. Lakini mzee aliyelala chumbani ana shida zake: kiu yake huchelewa kuja, jasho lake ni haba, na moyo wake unalazimika kusukuma damu nyingi kuelekea kwenye ngozi ili mwili upoe, kazi ambayo moyo uliochoka hauiwezi kwa siku nyingi mfululizo. Kisha kuna nyumba yenyewe. Ukuta wa zege hunyonya joto mchana kutwa na kulirudisha chumbani usiku, na ghorofa iliyo chini ya paa huumia zaidi. Mwili usiopata usiku wa kupoa huamka ukiwa na deni la jana. Tangu hapo tukaacha kuuliza nani anatoka nje, tukaanza kuuliza nani hatoki.

Kazi ya kwanza ilikuwa orodha, na orodha ilitusumbua kuliko kitu kingine chochote.

Tulibandika tangazo la watu kujiandikisha. Wakajiandikisha wale ambao watoto wao huwapigia simu asubuhi na jioni. Ufaransa nayo, baada ya watu wapatao 15,000 kufariki katika joto la Agosti 2003, iliweka utaratibu wa halmashauri za miji kuwa na daftari la wazee na watu wenye ulemavu ili wafuatiliwe joto likipanda, na kujiandikisha ni hiari. Ni utaratibu mzuri, nasi tuliuiga, ila lazima mjue mapema kwamba daftari la hiari huwakusanya kwanza wale ambao tayari wana wa kuwashika mkono. Mtu aliyekata tamaa na watu hasomi tangazo lenu. Akilisoma hadhani linamhusu.

Waliokuwa hatarini zaidi tuliwapata kwa njia za pembeni. Msimamizi wa jengo anajua nani hajaonekana kwa muda. Mleta barua anajua sanduku lipi limejaa. Watoto wanaocheza ngazini wanajua kila mlango na tabia ya aliye nyuma yake. Mfamasia hawezi kuwatajia majina ya wagonjwa wake, wala msimwombe, lakini wa kwetu alikubali kutia karatasi yetu ndogo kwenye mfuko wa kila aliyechukua dawa za moyo, za figo au za magonjwa ya akili. Simu zikaanza kuja, nyingi kutoka kwa watu ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewafahamu.

Hapo kwenye magonjwa ya akili sitapita haraka, kwa sababu orodha yetu ya mwanzo ilikuwa ya wazee watupu. Wachunguzi wa British Columbia waligundua kwamba watu wenye skizofrenia walikuwa wengi mno miongoni mwa waliokufa ukilinganisha na idadi yao katika jamii. Baadhi ya dawa wanazotumia hupunguza jasho na kuvuruga namna mwili unavyojirekebisha na joto. Ugonjwa wenyewe unaweza kumfanya mtu asitambue kwamba anaungua. Na wengi wao wameshaachwa peke yao na jamaa. Mtu wa makamo, mwenye nguvu kwa kumtazama, akikaa chumba kimoja chini ya paa na dawa hizo, yuko hatarini kuliko bibi wa miaka themanini anayeishi na wajukuu. Ongezeni pia wanaofanyiwa usafishaji wa damu, wenye kisukari, wajawazito walio karibu kujifungua, watoto wachanga, na walevi. Hawa wa mwisho kuna waliotuuliza kwa nini tunawahangaikia. Tuliandika majina yao tukaendelea.

Kikwazo kilichofuata kilikuwa heshima ya mtu. Mzee mmoja, fundi mstaafu, alinisikiliza hadi mwisho kisha akaniambia kwa upole, "Mwanangu, nendeni kwa wazee." Alikuwa amepita miaka themanini. Nilimrudia nikiwa na maelezo mengi zaidi, akanifungia mlango. Dada mmoja wa kikundi chetu ndiye aliyelitatua: alikwenda kumwomba msaada. Akamwambia kwamba jirani yake wa chini ni mgonjwa, na tunahitaji mtu mwenye busara wa kumtazama asubuhi na jioni, kisha atupigie simu kutueleza hali yake. Mzee akakubali siku ileile. Kila alipopiga simu kuhusu jirani, sisi tulipata habari zake mwenyewe. Siku ambayo simu haikuja tulipanda ngazi. Wengi sasa tunawaandikisha hivyo, kama watazamaji. Philadelphia ilikuwa na mpango wa namna hiyo tangu miaka ya 1990, viongozi wa mtaa wakihimizwa kuwatembelea wazee wa eneo lao joto linapotangazwa, na watafiti walikadiria kwamba mfumo mzima wa tahadhari wa mji huo uliokoa maisha ya watu 117 katika miaka yake ya mwanzo, 1995 hadi 1998.

Sasa tuje mlangoni, maana hapa ndipo kazi yote ilipo.

Mtu mzima ukimwuliza hali yake atakujibu kuwa ni njema. Atajibu hivyo akiwa na homa, akiwa na njaa, akiwa amefiwa. Mwanzoni tulikuwa tukigonga, tunauliza kupitia mlango uliofunguliwa kidogo, tunajibiwa njema, tunaacha chupa ya maji na kuweka alama ya vema kwenye karatasi. Mzee mmoja tulimwekea alama hiyo jioni. Kesho yake alikutwa amekaa ukingoni mwa kitanda amevaa sweta, midomo imepasuka, hajui ni asubuhi au usiku. Aliponea hospitali. Tulipozirudia karatasi zetu tuliona alama za vema zimejaa kuanzia juu hadi chini, na hazikutuambia kitu.

Baada ya hapo ikawa sharti: mtazamaji aingie ndani. Akaribishwe, akae, hata kwa dakika chache. Ukiingia, joto la chumba unalihisi kabla hujauliza lolote. Utaona kama mtu amevaa nguo nzito, jambo linalowapata wazee wengi kwa kuwa ngozi yao haiwaambii ukweli tena. Utaona kama glasi ya jana bado imejaa. Na maswali tuliyabadilisha yote yakawa ya mambo yenye jibu la kweli. Umekula nini leo? Mara ya mwisho kwenda haja ndogo ilikuwa saa ngapi, na rangi ilikuwaje? Usiku ulilala? Leo ni siku gani? Kisha tunamwomba asimame na kutembea hadi jikoni atuletee kitu. Akiyumba, au akisahau alichofuata, hatuondoki.

Swali la haja ndogo liliwatia haya wengi wetu, hasa vijana kwa wazee. Tukagawana: wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume, na kwa walioshindikana muuguzi alikwenda mwenyewe. Msilifute kwa sababu ya aibu. Hakuna swali jingine linaloeleza upungufu wa maji mwilini haraka namna hiyo bila kifaa.

Kifaa kimoja tu ndicho tunachosisitiza, nacho ni kipimajoto cha ukutani. Fedha ya mwanzo mkiipata, waachieni wengine maji, nyinyi nunueni vipimajoto. Shirika la Afya Duniani linashauri joto la chumba lisizidi nyuzi 32 mchana na nyuzi 24 usiku, hasa kwa wenye zaidi ya miaka 60, watoto wachanga na wenye maradhi ya kudumu. Usiku wa nyuzi 24 kwenye majengo mengi ni ndoto, lakini mtu akikuambia kwa simu kwamba chumba kimesoma 34 saa nne usiku, hubaki ukibahatisha. Zaidi ya hapo, namba humpa mzee sababu ya kuondoka isiyomvunjia heshima. Anayekataa kusema "nimeshindwa" husema "kimepita pale mlipochora mstari."

Kuhusu feni, tulikuta imani kubwa mno. Feni haipoozi hewa, huisukuma tu, na husaidia pale ambapo jasho lipo la kukauka. Joto la chumba likipita lile la ngozi, unachopata ni upepo wa tanuri. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kutotumia feni joto likizidi nyuzi 40. Kwa wazee wasiotoa jasho sawasawa sisi tuliweka mstari chini zaidi, kwenye 35, na kuwafundisha kulowesha shati, kufunika mabega kwa kitambaa chenye maji, na kukaa na miguu ndani ya beseni. Feni mbele ya ngozi iliyolowa hufanya kazi nyingine kabisa.

Na maji yenyewe yana tahadhari zake. Wapo wagonjwa wa moyo na wa figo ambao daktari amewawekea kiwango cha kunywa kwa siku, na sisi tulikuwa tukiwahimiza kila mtu "kunywa, kunywa" kana kwamba miili yote ni mmoja. Wanaotumia dawa za kukojoza wanapoteza maji na chumvi kwa pamoja. Usimwambie mtu aache dawa yake, na usimwambie azidishe maji kupita alichoelekezwa. Mpeleke kwa daktari wake kabla ya msimu, na karatasi ya swali moja: joto likipanda, nibadilishe nini? Kadhaa walirudi wakiwa wamepunguziwa kipimo kwa siku za joto. Wenye kisukari walikumbushwa kwamba insulini huharibika kwa joto, na kwamba kuiacha juu ya meza chumba kikiwa na nyuzi 35 ni kujichoma sindano ya dawa iliyopoteza nguvu.

Niseme na hili la mlango kutofunguliwa, kwa sababu hakuna aliyetuonya.

Unagonga, kimya. Unapiga simu, unaisikia ikiita ndani. Ufanye nini? Msimu wa kwanza kila mtu alijibu kwa ujasiri wake. Kuna mlango tuliouvunja, tukiwa na jasho na hofu, wanaume watatu mabegani, na mwenyewe akatokea ngazini ametoka kwa binti yake, ameacha simu kwenye meza. Alitutazama, akautazama mlango, akasema atauchukua mlango kama sisi tutaulipa. Tuliulipa, kwa mchango wa mifukoni mwetu. Kuna mlango mwingine ambao hatukuuvunja, tukaamua kurudi asubuhi. Huo sitausimulia.

Kwa hiyo sasa, siku ya kumwandikisha mtu, tunaandika naye kwa sahihi yake: nani ana ufunguo wa akiba, nani apigiwe simu kwanza, na baada ya muda gani wa kimya tunaruhusiwa kuingia au kuita polisi. Mazungumzo hayo ni magumu na watu wengine huyacheka. Fanyeni hivyo hivyo, wakati hali ya hewa bado ni nzuri na akili imetulia.

Ukumbi wa kupoa ulikuwa fahari yetu kubwa. Tulipewa chumba chenye kiyoyozi, tukapanga viti, tukatangaza. Siku ya kwanza ya joto walikuja wajitoleaji wenyewe. Wazee walikuwa na sababu, na zote zilikuwa za maana: kufika kule kulimaanisha kutembea juani saa nane mchana, choo kilikuwa juu ngazini, paka angebaki na nani, nyumba ikiibiwa je. Ukumbi ulifungwa jioni, saa ambayo vyumba vyao vilikuwa vimeiva kabisa. Na zaidi ya yote, nani anataka kwenda kukaa kwenye kiti cha plastiki akionekana kuwa mtu wa kuhurumiwa?

Tulibadilisha karibu kila kitu. Gari likaanza kuwafuata asubuhi, kabla jua halijakaza. Muda ukasogezwa hadi usiku. Wanyama wakaruhusiwa, uamuzi uliozua ugomvi mkali kuliko wowote kikundini, na ambao ulileta watu wengi kuliko matangazo yote. Tukaleta karata, redio, mtu wa kupima shinikizo la damu, vyerehani viwili. Watu wakaanza kuja kwa ajili ya vyerehani. Barcelona wamekwenda mbali katika wazo hili: tangu 2020 wana mtandao wa sehemu za kujikinga na joto ndani ya maktaba, shule, makumbusho na bustani, mahali ambapo mtu ana sababu nyingine ya kuwepo. Na huko Chicago, Eric Klinenberg, mwanasosholojia aliyeuchunguza msiba wa 1995, alilinganisha vitongoji viwili vinavyopakana, North Lawndale na South Lawndale. Vyote vilikuwa na umaskini na wazee wengi wanaoishi peke yao, ila kiwango cha vifo katika cha kwanza kilikuwa karibu mara kumi ya cha pili. Moja ya tofauti alizoziona ni barabara: South Lawndale ilikuwa na maduka na watu nje, na mzee alikuwa na pa kwenda bila kuogopa. Nikifikiria juhudi tulizotia kwenye viti vya plastiki, naona tulikuwa tukijaribu kujenga kwa haraka kitu ambacho mtaa huo ulikuwa nacho tangu zamani.

Dharura yenyewe nilikutana nayo wimbi likiwa limekolea. Bibi wa ghorofa ya juu kabisa alitufungulia mwenyewe, akatukaribisha vizuri, kisha akaniita kwa jina la kaka yake aliyekwisha fariki. Nilitaka kumsahihisha. Muuguzi alinivuta mkono, akaniambia niite gari la wagonjwa sasa hivi. Ngozi ya bibi ilikuwa na jasho, nami nilikuwa nimeshika akilini kwamba mwenye kiharusi cha joto huwa mkavu. Muuguzi alisema usisubiri ukavu: mwili wa moto pamoja na akili iliyovurugika vinatosha. Kiharusi cha joto ni pale joto la ndani ya mwili linapopita nyuzi 40 na ubongo kuanza kuathirika, na kila dakika ya kungoja inakula figo, ini na ubongo wenyewe.

Tukampunguza nguo, tukamlaza sakafuni bafuni, tukamwagia maji baridi mfululizo. Shuka zilizoloweshwa juu yake, feni ikimpepea, barafu kwapani, shingoni na kwenye kinena. Hatukumpa cha kunywa, maana mtu aliyechanganyikiwa anaweza kupaliwa. Hatukumpa paracetamol, kwa sababu hii si homa na dawa za homa hazishushi joto la namna hii. Gari lilichelewa mno. Siku kama hizo kila mtu analiita. Lilipofika bibi alikuwa ameshaanza kunijua. Nilishuka ngazi, nikakaa kwenye kidato cha mwisho, mikono ikitetemeka hadi nikashindwa kushika simu. Wanaoanza kikundi wafundishwe hili kwa vitendo, na beseni na shuka halisi, na wasisitiziwe mpangilio: piga simu, anza kupoza papo hapo, endelea kupoza hadi wataalamu wafike.

Wajitoleaji nao wana miili. Mmoja wetu alizimia ngazini akiwa na maji ya wengine mgongoni. Baada ya hapo hakuna ziara saa za jua kali isipokuwa dharura, hakuna kutembea peke yako, na kila mtu ana mtu wa kumripoti akifika nyumbani. Uchovu wa moyo ni jambo jingine. Kuna waliogombana na wake au waume zao kwa kutolala nyumbani, kuna aliyeacha baada ya kumkuta mtu amekufa na hakurudi tena, nasi hatukumlaumu. Gharama tulizoandika kwenye daftari la fedha zilikuwa mafuta ya gari, vipimajoto na ule mlango. Zilizobaki hazikuandikwa popote.

Kuhusu wakati wa kuanza, msingoje tangazo la hatari. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kulizoea joto, kwa hiyo wimbi la mwanzo wa msimu hukuta watu hawajawa tayari, na huua kwa nyuzi ambazo mwishoni mwa msimu zingevumilika. Sisi tunafuata utabiri wa siku tano na tunaanza kupiga simu siku mbili kabla. Ahmedabad, nchini India, walianzisha mpango wao mwaka 2013, baada ya joto la Mei 2010 lililoambatana na vifo 1,344 vya ziada; wana ngazi za tahadhari kwa rangi, mafunzo kwa wahudumu wa afya, na baadaye upakaji wa rangi nyeupe au chokaa kwenye mapaa. Hilo la paa tulilijaribu kwa jengo moja lenye ghorofa ya juu ya mabati. Wakazi wa chini yake waliona tofauti siku ileile, na ni kazi ya mchana mmoja kwa vijana wenye brashi.

Na msimalize mapema. Hewa ya nje ikipoa, watu hushusha pumzi na kurudi kwenye shughuli zao, huku kuta bado zimebeba joto la wiki nzima na mioyo ya wagonjwa imechoka. Mmoja wa tuliowazika alifariki baada ya mvua kunyesha. Sasa ziara zinaendelea hadi vipimajoto vya ndani viteremke, hata kama nje watu wamevaa koti.

Kitu ambacho bado hakijatukalia vizuri ni umeme. Baadhi ya vyumba tulivyoingia vilikuwa na kiyoyozi ukutani, kimezimwa. Kingine kibovu tangu mwaka juzi, kingine kizima ila mwenyewe anaogopa bili. Katika jimbo la Arizona, Marekani, kaunti ya Maricopa ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto mwaka 2023, na miongoni mwa waliofia ndani wengi walikuwa na kiyoyozi kisichofanya kazi. Fundi umeme wetu hukagua mashine mapema kwa kila aliye kwenye orodha, na kwa wachache tumechangia bili. Lakini hatuwezi kuilipia mitaa yote, na mwenye jengo ambaye hataki kutengeneza chochote hatukuwa na uwezo wa kumlazimisha. Wala hatujawafikia vizuri wanaolala nje. Hao hawana mlango wa kugonga, na mpango wetu wote umejengwa juu ya mlango.

Kwa wale wa majengoni, uhakiki wa daftari tunaufanya wakati wa baridi, nyumba kwa nyumba. Msimu huu tumeongeza safu mbili: nani ana ufunguo, na nani ana paka.